Paa la asbesto na mapafu yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu tuliosoma au kuishi kwenye majengo ya miaka ya 1960 na 1970 tunayafahamu yale mabati ya kijivu, mazito, yenye mawimbi mapana, ambayo mvua za miaka mingi zimeyaotesha ukungu mweusi. Maswali yanayotufikia hutoka kwa watu wa aina tatu: mwenye nyumba aliyesikia kwamba paa lake linaua, fundi aliyepewa kazi ya kulishusha, na mtu mwenye kikohozi kisichoisha ambaye zamani alifanya kazi kwenye vumbi. Ukikosa muda wa kusoma yote, soma majibu ya fundi. Hatari kubwa ipo kwake.

Asbesto ni nini?

Ni madini ya asili yanayochimbwa kwenye miamba, lakini badala ya kupasuka kama mawe mengine, yanachambuka na kuwa nyuzi. Haiungui, haiozi, na ilikuwa rahisi kwa bei. Kuna aina sita, ila zilizotawala soko ni tatu: nyeupe, kahawia na bluu. Nyeupe peke yake ni takriban asilimia 95 ya asbesto yote iliyowahi kutumika kibiashara duniani.

Huku kwetu imejificha zaidi kwenye mabati ya saruji, ambamo nyuzi huwa kama asilimia 10 hadi 15 na kinachobaki ni saruji. Lakini ipo pia kwenye mabomba ya maji ya zamani, dari, vigae vya plastiki vya sakafuni, gasketi, breki na klachi za magari ya zamani, na nguo nzito iliyozungushiwa boila na mabomba ya mvuke ili kuzuia joto.

Nimelala chini ya paa la asbesto miaka 20. Nimeshaumia?

Kwa uwezekano mkubwa, hapana. Paa zima, ambalo halijapasuka na halikatwi, limezifunga nyuzi zake ndani ya saruji. Hazidondoki usiku juu ya chandarua chako. Nyuzi huachiliwa bati linapokatwa, kutobolewa, kukwanguliwa, kuvunjwa au likishachakaa kiasi cha kumeng'enyeka.

Kwa hiyo kitu cha kuangalia ni hali ya bati. Ukisimama chini, je, unaona nyufa? Kingo zimelika na kuonyesha manyoya manyoya? Kuna unga wa kijivu unaorundikana kwenye mfereji wa maji au juu ya dari? Kama majibu ni hapana, usiliguse, na anza kuweka akiba ya kulibadilisha kwa utaratibu. Kama ni ndiyo, tafuta wataalamu mapema. Lakini kosa kubwa ni jingine: kupaniki na kuita kijana yeyote mwenye nyundo alibomoe Jumamosi.

Nitajuaje kama bati langu ni asbesto au ni saruji ya kawaida?

Kwa macho huwezi kuwa na hakika. Mabati mapya ya saruji hutumia nyuzi za mimea au za plastiki na yanafanana kabisa na yale ya zamani. Umri wa jengo hutoa dokezo: la kabla ya miaka ya 1990 lishuku. Jibu la uhakika hutoka maabara, kipande kidogo kikitazamwa kwa hadubini maalumu. Usikivunje wewe kupeleka sampuli. Aliyefundishwa hulowesha pahali hapo kwanza, anachukua kipande kidogo cha ukubwa wa ukucha, kisha anakifunga kwenye mifuko miwili. Ukikosa huduma hiyo, lichukulie bati kuwa ni asbesto na ufanye kila kitu kwa tahadhari hiyo.

Vumbi lipo kila mahali. Hili la asbesto lina ubaya gani wa pekee?

Ubaya upo kwenye umbo. Vumbi la barabarani kwa sehemu kubwa ni chembe za mviringo au za pembe pembe. Nyingi hunaswa puani na kooni, ukapiga chafya au ukakohoa zikatoka. Uzi wa asbesto ni mrefu lakini mwembamba mno, mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana, hivyo husafiri na hewa kwa urefu wake hadi kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu, mahali ambapo oksijeni huingia kwenye damu.

Huko kuna seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza takataka. Seli inapojaribu kumeza uzi ulio mrefu kuliko yenyewe, inashindwa katikati. Inabaki imeukumbatia, inamwaga kemikali zake pembeni, inakufa, na nyingine inakuja kujaribu. Vita hivyo visivyo na mshindi huendelea miaka na miaka. Uchochezi wa kudumu, yaani uvimbe wa ndani usioisha, unageuza tishu laini kuwa kovu, na kovu halinyumbuki. Nyuzi nyingine husogea hadi kwenye utando unaozunguka mapafu. Aina ya bluu na ya kahawia hukaa mwilini kwa miongo. Nyeupe huvunjika mapema zaidi, ingawa si kabla ya kufanya madhara.

Halafu kuna hili linalowafanya watu wadharau: haiwashi. Pilipili ikipanda puani unajua. Vumbi la asbesto halina harufu, haliumi koo, na nyuzi zenyewe huzioni. Fundi anashuka juu ya paa jioni, anaoga, anakula, hana dalili yoyote, kesho anarudi kazini akiwa na ushahidi wake mwenyewe kwamba maneno ya wataalamu ni ya kutishana.

Husababisha magonjwa gani?

Asbestosisi ni makovu yaliyosambaa ndani ya mapafu. Huwapata waliovuta vumbi jingi kwa miaka, na kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 hadi 20 au zaidi. Haya si mambo mapya: Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto huko Rochdale, Uingereza, alifariki mwaka 1924, na daktari William Cooke akaandika mwaka huohuo kuhusu mapafu yake yaliyojaa makovu na chembe za madini. Uingereza ikaweka kanuni za kwanza za kudhibiti vumbi viwandani mwaka 1931. Nyingi ya shule zetu zenye mapaa hayo zilikuwa hazijajengwa.

Saratani ya mapafu, inayofanana na ile ya wavuta sigara, huchukua miaka 15 hadi 35 au zaidi kujitokeza.

Mesotelioma ni saratani ya utando wa mapafu, au wa tumbo, na karibu kila mara ukimfuatilia mgonjwa nyuma unaikuta asbesto. Hungoja miaka 20 hadi 50. Hii ndiyo inayotisha kuliko zote kwa sababu haihitaji kiasi kikubwa cha vumbi kama asbestosisi, na mara inapogunduliwa wengi hawaishi zaidi ya mwaka mmoja hadi miwili.

Kuna pia mabaka magumu kwenye utando wa mapafu, ambayo huonekana kwenye picha ya eksirei. Yenyewe hayageuki saratani na mara nyingi hayana dalili. Ni kama risiti tu: yanathibitisha kwamba asbesto uliivuta.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), limeihusisha asbesto pia na saratani ya zoloto (kisanduku cha sauti kooni) na ya ovari. WHO inakadiria kwamba asbesto ya makazini huua zaidi ya watu 200,000 kila mwaka duniani.

Nani yuko hatarini zaidi?

Mfikirie fundi juu ya paa saa saba mchana. Ameshika grainda, fulana yake ameifunga puani, na diski inapogusa bati linatoka wingu jeupe linalomfunika yeye, msaidizi anayeshikilia upande wa pili, na muuza mihogo aliye chini ukutani. Nyusi zake zimekuwa nyeupe. Fulana haizuii chochote. Nyuzi zinapita katikati ya nyuzi za pamba kirahisi. Kwa kazi hiyo ya saa chache anaweza kuvuta nyuzi nyingi kuliko mwenye nyumba aliyeishi chini ya paa hilo maisha yake yote.

Wapo na wengine. Mafundi wa gereji wanaopuliza vumbi la breki kwa upepo wa kompresa, hasa kwenye magari ya zamani. Mafundi wa boila. Waliotengeneza vichwa vya treni za mvuke, na wale wa karakana za meli, kwa sababu meli za zamani zilijazwa asbesto chumba cha injini hadi vyumba vya kulala. Mafundi bomba wanaokata mabomba ya zamani ya maji mitaroni. Mafundi umeme wanaotoboa dari kwa keekee. Wabomoaji majengo, na wanaookota vifusi vyao.

Na yupo mtu ambaye kwenye orodha za kazini hatajwi: anayefua. Ovaroli ya fundi inakung'utwa mlangoni kabla ya kulowekwa, mtoto yupo mgongoni, na vumbi la kazini linahamia nyumbani. Wake na watoto wa wafanyakazi wa asbesto waliougua mesotelioma bila kukanyaga kiwandani wamerekodiwa katika nchi nyingi.

Ushahidi uliofumbua macho ya dunia ulitoka Afrika. Mwaka 1960, daktari J. C. Wagner na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa mesotelioma kutoka eneo la migodi ya asbesto ya bluu kaskazini-magharibi mwa Jimbo la Cape, Afrika Kusini. Baadhi yao hawakuwahi kushika sururu. Walikuwa wamezaliwa na kukua karibu na machimbo, wakicheza utotoni kwenye marundo ya mabaki.

Nilivunja vipande viwili vitatu nikisafisha banda. Nitaugua?

Uwezekano ni mdogo sana. Hatari hupanda kadiri kiasi na muda vinavyoongezeka, na tukio moja fupi huongeza kidogo mno. Hakuna kipimo cha damu wala cha eksirei kitakachoonyesha lolote wiki hii, kwa hiyo usitumie pesa kukitafuta. Lowesha vipande, vifunge, oga, fua nguo hizo peke yake, kisha endelea na maisha. Ila isiwe mazoea.

Navuta sigara. Inabadilisha nini?

Inabadilisha sana. Daktari Irving Selikoff na wenzake waliwafuatilia maelfu ya mafundi wa Marekani na Kanada waliofunga vizuizi vya joto, na matokeo yao ya mwaka 1979 ndiyo yanayonukuliwa hadi leo. Wakilinganishwa na mtu asiyevuta sigara wala kugusa asbesto, waliofanya kazi na asbesto bila kuvuta sigara walikuwa na hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu takriban mara 5. Wavutaji wasio na asbesto, takriban mara 11. Waliokuwa na vyote viwili, zaidi ya mara 50.

Vumbi ulilovuta mwaka 1985 huwezi kulitoa. Sigara unaweza kuiacha, na ukiiacha hatari hiyo inashuka. Kwa mesotelioma hesabu ni tofauti: sigara haionekani kuiongeza.

Nina kikohozi na pumzi inakata. Je, ni asbesto au kifua kikuu?

Hapa ndipo wengi hupotea. Dalili za asbestosisi ni kukosa pumzi unapopanda ngazi au kubeba ndoo, kikohozi kikavu, kifua kubana, na kwa wengine ncha za vidole kuvimba na kucha kujikunja. Katika nchi zenye kifua kikuu kingi, mtu wa namna hiyo hufikiriwa kifua kikuu kwanza, na ni sawa, kwa sababu kifua kikuu kinatibika na kinaambukiza, lazima kipimwe. Tatizo ni pale makohozi yanapotoka safi, dozi inatolewa hata hivyo, inaisha, hali haibadiliki, dozi ya pili inaanzishwa, na katika muda wote huo hakuna aliyeuliza swali moja: mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?

Basi usingoje kuulizwa. Mwambie daktari mwenyewe: "Nilikata mabati ya asbesto kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani." Sentensi hiyo ina thamani kuliko picha tatu za eksirei zisizo na maelezo. Akisikia hivyo, atasikiliza sehemu ya chini ya mapafu kwa sauti za kukwaruza, ataagiza eksirei, kipimo cha kupuliza kinachoonyesha mapafu yanabeba hewa kiasi gani, na ikibidi skani ya CT, ambayo huona makovu ya mapema kuliko eksirei.

Maumivu ya upande mmoja wa kifua, maji yanayojaa kwenye utando wa mapafu na kurudi yakitolewa, kupungua uzito bila sababu, au kukohoa damu: hayo usiyakalie nyumbani. Nenda hospitali yenye bingwa wa kifua.

Kuna dawa?

Ya kufuta makovu, hakuna. Kinachofanyika ni kuzuia yasizidi na kukusaidia kuishi nayo: kuondoka kwenye vumbi, kuacha sigara, chanjo ya mafua na ya nimonia, mazoezi ya kupumua, na oksijeni kwa waliofika mbali. Saratani ya mapafu ikigunduliwa mapema inaweza kufanyiwa upasuaji. Maziwa, ambayo bado yanagawiwa kama kinga kwenye karakana nyingi, ni chakula kizuri lakini yanakwenda tumboni, na vumbi lipo kwenye mapafu.

Nakinga maji ya mvua kwenye paa la asbesto. Ninywe?

WHO haijaweka kiwango cha juu cha asbesto kwenye maji ya kunywa, kwa kuwa ushahidi kwamba nyuzi zikimezwa huleta saratani haujitoshelezi. Hatari iliyothibitika ni ya kuvuta hewani. Kama kuna chanzo kingine cha maji, kitumie kwa kunywa. Kama hakuna, acha mvua ya kwanza ya msimu ioshe paa na kumwagika, kisha chuja. Tope la chini ya simtanki ndilo la kuangalia: litoe likiwa bichi, usilianike juani likakauka na kufagiliwa.

Nikilipaka rangi si yameisha?

Rangi husaidia kwa muda kama bati bado ni imara na linapakwa bila kukwanguliwa. Maandalizi ndiyo yanayoharibu: brashi ya waya na mashine ya maji ya presha hung'oa saruji ya juu na kuanika nyuzi. Tena mabati hayo yakizeeka hayabebi mtu. Wapo waliopanda kupaka rangi au kuziba tundu wakapita nalo hadi sakafuni. Hiyo inaua siku hiyohiyo, si baada ya miaka 30.

Nataka kuliondoa. Kazi inayofanywa vizuri inafananaje?

Inafanana na kazi ya polepole yenye maji mengi. Kwanza watu wengine wanaondoka, vyombo na vyakula vinatolewa, madirisha yanafungwa, plastiki inatandazwa chini. Mabati yanalowekwa kwa kunyunyiziwa maji yenye sabuni kidogo, si kwa presha, na yanabaki mabichi hadi mwisho. Bolti zinafunguliwa au kukatwa kwa mkasi wa bolti. Grainda haipandi juu. Kila bati linashushwa zima, kwa mikono au kamba. Ukisikia mabati yanatupwa chini na kupasuka, simamisha kazi.

Barakoa ni ya kiwango cha FFP3 au yenye kichujio cha P3, na inashika uso kisawasawa. Mwenye ndevu haimfungi vizuri. Ile ya kitambaa na ile ya bluu ya hospitali havihesabiki. Ovaroli ni za kutupwa, hazirudi nyumbani. Mabati yanafungwa plastiki nzito tabaka mbili, yanabandikwa alama ya hatari na kupelekwa dampo lililoidhinishwa kwa taka hatari, ambako huzikwa. Usafi wa mwisho ni wa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu hapana.

Ndiyo, ni ghali. Kwa hiyo mwenye shule au nyumba kubwa apange bajeti ya awamu, akianza na upande uliochakaa.

Vipande vilivyobaki tunaweza kuvitumia?

Tunajua vinatumika: paa la banda la kuku, kingo za bustani, kifusi cha kujaza njia ya gari. Kila gurudumu linalopita juu yake linasaga. Kingine ni watoto kutupa vipande motoni ili vilipuke. Vinalipuka kweli, kwa kishindo, na kurusha vigae vya moto pamoja na nyuzi. Nyumba yenye paa hilo ikiungua, mabaki yaloweshwe kabla ya mtu yeyote kuanza kuchakura.

Nimesoma kwamba asbesto nyeupe ni salama. Kweli?

Hayo ni maneno ya wanaoiuza. Ni kweli kwamba nyeupe huleta mesotelioma kwa kiwango cha chini kuliko ya bluu. Lakini WHO inahesabu aina zote sita kuwa zinasababisha saratani kwa binadamu, na nyeupe imo. Bado inachimbwa, Urusi ikiongoza, na pendekezo la kuiweka kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam (mkataba wa kimataifa wa biashara ya kemikali hatari), ambayo ingewalazimu wauzaji kupata ridhaa ya nchi inayopokea, limekwamishwa mara nyingi na nchi chache kwa sababu uamuzi huhitaji wote wakubaliane. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kufikia 2005, Afrika Kusini iliyokuwa mchimbaji mkubwa ikafanya hivyo 2008, na Marekani ikatoa kanuni ya kupiga marufuku nyeupe mwaka 2024.

Niripoti wapi kazi inayofanywa hovyo?

Tanzania, mazingira na taka ni kazi ya NEMC, na usalama wa wafanyakazi ni wa OSHA. Kenya, asbesto inahesabiwa kuwa taka hatari, chini ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Rwanda imekuwa na mpango wa taifa zima wa kuyaondoa mapaa haya kupitia mamlaka yake ya nyumba. Piga simu kabla kazi haijaisha. Ukipiga keshokutwa, mabati yatakuwa yamekwisha kusambaa mtaani.

Naweza kudai fidia?

Ugonjwa uliotokana na kazi unafidiwa kisheria: Tanzania kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), Kenya chini ya sheria ya fidia ya mwaka 2007. Ugumu ni kuthibitisha. Ugonjwa unakuja miaka 30 baada ya kazi, mwajiri ameshafunga, msimamizi amefariki. Fundi wa kujitegemea, ambaye ndiye wengi, hana mwajiri wa kumdai.

Inawezekana hata hivyo. Maelfu ya Waafrika Kusini walioumizwa na migodi ya asbesto waliipeleka kampuni ya Cape plc mahakamani Uingereza. Mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya huko iliamua kesi isikilizwe palepale, na mwaka 2003 wadai wapatao 7,500 wakalipwa kwa makubaliano. Kiasi cha kila mmoja hakikuwa kikubwa.

Kwa hiyo kama umewahi kufanya kazi na asbesto, andika leo, hata kwenye daftari la mtoto: ulifanya wapi, mwaka gani hadi gani, kazi gani hasa, chini ya nani, na pamoja na akina nani. Tunza kitambulisho cha kazi, hati ya mshahara, barua ya ajira, picha mliyopiga kazini. Mpe nakala mtu wa nyumbani anayeaminika, na nyingine iingie kwenye faili lako la hospitali.